Lisomeke Mtarajiwa

Alhamisi moja ya mwaka tisini na tano, saa tisa mchana, mtu alibisha hodi nyumbani kwa Mwalimu Elias Ndalahwa kule Mkolani, akakaribishwa, na hakuingia. Jambo lenyewe halikuwa la kumtisha mtu, maana watoto wa mtaa hubisha wakakimbia. Lakini Dorotea, mke wa Mwalimu, aliyekuwa amekaa mkekani na miguu yake iliyovimba kwa mimba ya miezi minane, alisema ile haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayeongea na maji mdomoni. Tena alipoitikia "karibu", kiti cha wageni kililia, vile vile kinavyolia mgeni mnene akikikalia.

"Kiti chenyewe kimechoka," alisema Elias bila kuinua macho. "Nitakigongea msumari Jumamosi."

Hakuinua macho kwa sababu alikuwa anajisoma gazetini. Wakati ule kila mwenye mtaji kidogo na maneno mengi alikuwa anaanzisha gazeti lake, na Mwanza tulikuwa na *Wimbi la Nyanza*, kurasa nane, kila Alhamisi. Ukurasa wa sita ulikuwa na uhakiki wa kitabu, na chini yake jina la Elias kwa herufi nzito. Alikuwa ameshausoma mara nne na kila mara alicheka mahali pale pale.

Nisimfiche Mwalimu wetu. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na kijicho. Naye alikuwa amejichapishia riwaya kwa mfuko wake mwenyewe, na marobota ya riwaya hiyo yalikuwa bado chini ya kitanda, mende wakiyasoma peke yao. Halafu akatokea Zadok Ojwang, fundi redio wa Kirumba, Mjaluo wa kando ya ziwa kule Mara aliyeishia darasa la saba, naye akajichapishia kitabu chake, *Mgeni wa Saa Tisa*, kimebanwa kwa pini mbili na jalada lake limechorwa na mchora mabango. Wauza magazeti wa stendi walikimaliza, wakamfuata wakitaka kingine. Kama hilo halikutosha kumuuma Elias, Zadok alimletea nakala kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamwambia: "Mwalimu, wewe ni mkubwa wangu katika kazi hii. Niandikie hata maneno mawili."

Elias akamwandikia. Hadithi aliisifu kidogo, kwa shingo upande, kisha akafika pale alipopataka:

"Jini wa Ndugu Ojwang huingia katika nyumba inayomngoja mtu, akakaa mahali pa huyo anayengojwa. Wazo zuri. Lakini mwandishi ameshindwa na L na R, maana jini huyu anaitwa Mtalajiwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kiswahili hakina neno hilo. Ndugu Ojwang, jini wako anaitwa Mtarajiwa. Nasi wasomaji tunampokea kwa jina lake sahihi. Karibu, Mtarajiwa."

Alimsomea Dorotea kwa sauti. Dorotea hakucheka.

"Mbona Zadok hakosei R?" aliuliza. "Tunaokosea ni sisi Wasukuma. Wajaluo wanazo zote mbili. Shida ya Zadok ni kusema sida."

"Kusema ni kusema. Kuandika ni shule."

Dorotea akajishika tumbo. Alikuwa na kawaida ya kulishika hivyo, kwa viganja viwili, kwa sababu mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka na hii ya tatu ndiyo pekee iliyofika miezi minane. Nyumba nzima ilikuwa inamngoja huyo mtoto. Palikuwa na kikapu cha nguo ndogo zilizopigwa pasi, palikuwa na beseni jipya, na Elias alikuwa amepaka chumba cha pili chokaa kwa mkono wake, yeye ambaye hajawahi kushika brashi.

Jioni alipokwenda kukiangalia kile kiti alikuta kimelowa. Kilitoa harufu ya magugu maji, yale majani yaliyokuwa yamelivamia ziwa miaka ile, yanayooza ufukweni yakinuka matope na samaki aliyelala. Kutoka Mkolani hadi ziwani si karibu. Elias alikitoa nje akakianika.

Kesho yake mchana Dorotea alipakua ugali katika sahani tatu. Aliziweka mkekani, akanawa, akaanza kula, ndipo Elias akauliza sahani ya tatu ni ya nani. Dorotea aliitazama.

"Ya mgeni," alisema, kisha akakunja uso. "Sijui. Mkono umekwenda wenyewe."

Wakati huo huo, saa tisa kamili, hodi ikapigwa. Hakuna aliyeitikia, na mlango haukufunguka, lakini baada ya kitambo harufu ile ya matope ilikuwa imeshaingia ndani.

Jumamosi Elias alikaa kusahihisha insha za kidato cha pili, madaftari arobaini na matatu, mada "Siku ya Mnada". Ilikuwa kazi aliyoipenda, maana yeye mwenyewe alikulia katika ulimi wa kusema "mwarimu", akanyooshwa kwa kiboko, na tangu hapo hakumwonea huruma mtu yeyote wa L na R. Alikuwa na kalamu yake nyekundu, na wanafunzi walimpa kazi ya kutosha: kurara, chakura, ng'ombe warinunuriwa. Katika daftari la nne alikuta sentensi isiyohusika na mnada, kwamba nyumbani kulikuwa na mgeni mtarajiwa. Aliweka alama ya vyema, kwa kuwa neno lilikuwa sahihi. Katika daftari la saba lilikuwapo tena. Alirudi nyuma akafungua la kwanza, la pili na la tatu, akaliona pale alipokuwa amelipita, halafu akaanza kufungua yote bila kusoma, daftari baada ya daftari, la mtoto wa Buhongwa na la mtoto wa Igoma, watoto wasioweza kuandika "kulala" bila kukosea, na katika kila moja, mahali fulani katikati ya ng'ombe na vumbi na wauza vitenge, lile neno moja lilikuwa limekaa limenyooka, R yake haina kasoro, tena wino wake umesambaa kidogo kana kwamba aliyeliandika mkono wake ulikuwa umelowa. Aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika moja.

Safari hii hodi haikupigwa mlango wa nje. Ilipigwa mlango wa chumba cha pili, kile cha mtoto, na ilipigwa kwa ndani.

Jumapili Elias hakwenda kanisani. Alipanda baiskeli hadi Kirumba, akamkuta Zadok kibandani kwake amefungua tumbo la redio. Hakuzunguka mbuyu.

"Zadok, lile jina. Ulikosea au ulikusudia?"

Zadok aliweka bisibisi chini taratibu. "Nilikusudia. Mwalimu, nilipoona gazeti nilikuja kwako Ijumaa, nikafika mpaka mlangoni. Nikasikia unaongea na mgeni, nikaona aibu kuingia. Nikarudi."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Nilikuwa na mke wangu tu."

"Ulikuwa unacheka na mtu," alisema Zadok kwa sauti ya chini. "Sauti yake ilikuwa nzito, imejaa maji. Hii ni sida. Twende kwa sangazi yangu."

Shangazi huyo, Ajwang, alikuwa akiishi Igombe, karibu kabisa na maji. Walimkuta anachambua dagaa kwenye turubai, na mbele yake ziwa lote lilikuwa la kijani kwa magugu, jua kali juu yake na hakuna wimbi.

"Shikamoo, mama," alisema Elias.

"Marahaba, Mwalimu. Kaa hapo. Wewe ndiye uliyemtengenezea jina?"

Elias alisema ndiye. Ajwang hakumgombeza, na hilo lilimtisha kuliko kugombezwa.

"Kwetu palikuwa na mama anamngoja mwanawe aliyekwenda na nyavu," alisema huku mikono ikiendelea na dagaa. "Saa tisa mtu akaja, amelowa. Akakaa pale pa mwanawe, akala, akaitwa kwa jina lake. Siku ya tatu ziwa likamtoa yule wa kweli, amekufa. Mama alipoitwa amtambue alikataa. Akasema mwanangu yuko nyumbani. Mpaka akafa alikuwa anampikia kile kitu."

"Na jina?"

"Hana jina. Anaitika kwa neno moja tu, la yule anayengojwa. Ndiyo maana kwetu tunalivunja tukilitaja, asije akaitika. Huyu Zadok aliponiambia anataka kuandika hadithi kwa Kiswahili, nikamwambia andika, lakini uvunje herufi." Alimtazama Elias kwa mara ya kwanza. "Kwenu mnamngoja nani?"

Elias aliinamisha macho kwenye turubai.

"Mtoto."

Mikono ya Ajwang ilisimama. Zadok aliangalia pembeni, kwenye maji.

"Ulimwita gazetini, umkatae gazetini," alisema mama yule hatimaye. "Andika neno lilivyovunjika, watu walisome limevunjika. Lile zima usiliandike tena hata mara moja. Na ufanye upesi. Mtoto akishafika, mahali pake pamejaa, yule ataondoka. Lakini yule asikaribishwe mara nyingine."

Elias alirudi mjini akiendesha baiskeli kama mtu aliyeibiwa. Jumatatu hakufundisha. Alichukua kalamu yake nyekundu akaanza kuzunguka: kinyozi wa Mkolani, hoteli za chai za Nyamagana, chumba cha walimu, stendi, popote gazeti la Alhamisi lilipokuwa bado linasomwa au linafungia maandazi. Aliomba kwa unyenyekevu, akafungua ukurasa wa sita, akaigeuza R kuwa L. Watu walimcheka. Mwalimu mzima, aliyewatesa watoto wao kwa herufi hizo hizo, leo anapita akikosea kwa makusudi. Hakujali. Mchana akaingia ofisi ya gazeti na karatasi aliyoiandika kwa mwandiko wa darasani:

"MASAHIHISHO. Katika uhakiki wa wiki iliyopita, jina la mhusika lilikosewa. Jina lake ni Mtalajiwa. Lisomeke Mtalajiwa popote. Mwingine hatumjui na hatumngoji."

Mpangaji wa kurasa, Queen, alikuwa ametoka kwenda kula. Elias aliiacha karatasi juu ya kompyuta yake, akaikandamiza kwa kikombe, akaongeza juu: "Muhimu sana. Isikose kutoka." Kisha akakimbia nyumbani, kwa kuwa saa tisa ilikuwa inakaribia na hakutaka Dorotea awe peke yake.

Saa tisa ikafika, na hodi haikupigwa. Walikaa wote wawili mkekani wakisikiliza. Nje jirani alikuwa anatwanga, kuku wakipita, hakuna kingine. Jumanne pia kukawa kimya, kiti kikavu. Jumatano Dorotea alipakua sahani mbili, akaziangalia, akacheka, na Elias akamshika mkono kwa furaha iliyomletea machozi. Alijiambia kila nakala aliyoiharibu ilikuwa mlango mmoja umefungwa, na kesho gazeti lingefunga yote iliyobaki. Usiku ule alilala usingizi aliokuwa ameusahau.

Uchungu ulimshika Dorotea Alhamisi alfajiri, wiki tatu kabla ya siku zake. Jirani mwenye pikapu aliwapeleka hospitali, wakapokewa na Nesi Paskazia, yule yule aliyekuwa akimpima kliniki tangu mwezi wa nne. Aliweka tumboni kile kifaa chake cha mbao cha kusikilizia, akainamisha sikio. Alisikiliza upande wa kushoto, akahamia wa kulia. Alirudi kushoto.

"Vipi, nesi?" aliuliza Elias.

"Hakuna neno. Baba asubiri nje."

Elias alisubiri kwenye benchi la ukumbini. Asubuhi ikapita, mchana ukaingia, joto likaongezeka, naye akawa anahesabu: kama mtoto atafika kabla ya saa tisa, amefika salama. Kama atafika baada ya saa tisa, gazeti limeshatoka, kwa hiyo amefika salama pia. Hesabu ilikubali pande zote mbili. Aliirudia mara nyingi, na kila ilipokubali alipumua.

Saa tisa kasorobo alimwona Queen anakuja ukumbini, amevaa vizuri, gazeti kwapani na chupa ya uji mkononi. Queen alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Katika darasa lake hapakuwa na ulimi mzito wa R kuliko wake, na Elias alikuwa amemwandikisha "lori", "rula", "ratili" na "harufu" mara mia mia, akimpaka daftari wekundu, mpaka siku moja msichana akanyooka na hakukosea tena. Kazi ile ya gazeti aliipata kwa sababu hiyo.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia mama yuko huku, nikasema nilete uji na gazeti."

"Marahaba, Queen. Yale masahihisho yametoka?"

"Yametoka, tena ukurasa wa kwanza, ndani ya kiboksi. Uliandika ni muhimu." Alimfungulia gazeti mwenyewe, akitabasamu. "Ila mawazo yako yalikuwa kwa mama, Mwalimu. Ulikosea mara mbili katika mstari mmoja, wewe. Nikasema hapana, huyu amenifundisha, siwezi kumwachia aibu hii. Nikakurekebishia. Ile sentensi ya mwisho nimeikata, nafasi ilikuwa ndogo."

Elias alisoma.

"MASAHIHISHO. Katika uhakiki wa wiki iliyopita, jina la mhusika lilikosewa. Jina lake ni Mtarajiwa. Lisomeke Mtarajiwa popote."

Hakumfokea Queen. Alitaka kumwambia kitu lakini aliona jinsi alivyokuwa anasubiri kusifiwa, na R ile iliyosimama imara mara mbili kwenye karatasi ilikuwa ni yake yeye Elias, aliipanda kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino mwekundu, miaka mitatu mfululizo. Aliinuka. Alianza kutembea kuelekea mlango wa chumba cha wazazi, halafu akakimbia, na ukumbi ule ambao asubuhi ulikuwa hatua ishirini sasa ulikuwa mrefu na sakafu yake inateleza, maana kulikuwa na maji, nyayo za maji, mguu mmoja mbele ya mwingine bila haraka, zimetoka mlango wa nje zikapita mbele ya benchi alilokalia siku nzima na hakuziona, na kadiri alivyozifuata ndivyo harufu ya matope na majani yaliyooza ilivyozidi kumjaa puani, mpaka akafika mlangoni na kuona kwamba nyayo zimeingia ndani na hakuna zilizotoka. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa.

Ndani mtoto alilia. Kilio kizuri, cha hasira, cha mtoto aliyefika. Elias akaegemea ukuta, akamshukuru Mungu kwa Kisukuma. Akaendelea kusikiliza, kwa sababu baada ya kilio kulikuwa na kimya, na ndani ya kimya hicho alisikia sauti ya mke wake, imechoka, ina furaha, inasema neno moja ambalo humwambia mtu yeyote mlangoni.

"Karibu."

Mlango ulifunguliwa. Nesi Paskazia alikuwa na jasho usoni na aproni yake imelowa mpaka kiunoni.

"Hongera, baba Kulwa," alisema. "Na Doto pia. Wawili, wote wa kiume, wamefuatana hata dakika haijapita. Njoo uwaone."

"Yupi aliyelia?" Elias alimsogelea. Aliuliza tena. "Nesi, yupi aliyelia?"

"Mmoja wao. Mwenzake hajalia, lakini mzima kabisa, anatazama mlango tu. Tumewaosha pamoja, kwa hiyo hata mimi siwezi kukuambia ni yupi." Alimpitisha ndani. Dorotea alikuwa amewakumbatia wote wawili, mmoja kila upande, uso wake unang'aa namna ambayo Elias alikuwa ameiombea miaka sita. Watoto wote walikuwa kimya sasa. Wote walikuwa wamegeuza macho kwake.

"Samahani kidogo, Mwalimu," alisema nesi nyuma yake, akimpa kadi ya kliniki. "Kadi yenu ilikuwa na kosa. Iliandikwa mtoto mmoja. Nimeshaisahihisha."